Kisanduku Kilichofungwa kwa Leso

Rukia mwanangu,

Umetoka kwenda mtaa wa Rhonda kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako, hatakuachilia mpaka ule sahani mbili. Kwa hiyo nina alasiri nzima. Nimefunga studio, nimegeuza kibao mlangoni, nimekaa kwenye kile kiti wanachokalia wateja wa picha za pasipoti. Nakuandikia kwa sababu nikingoja kukuambia kwa mdomo nitaanza na habari za sweta na vidonge vya malaria, na nikishaanza hapo sitafika ninapotaka kufika. Sweta usibebe. Lodwar unakokwenda kazini ni moto. Basi, ya sweta yameisha.

Asubuhi nilisimama mlangoni pa chumba chako ukipanga mizigo. Sijui kama uliniona. Kitandani uliweka kamera, kadi zako zote ndani ya kile kimfuko cha bluu, kisha ukatoa visanduku viwili vya kuhifadhia picha. Kimoja nakijua, ulikinunua mwaka huu. Cha pili sikuwa nimekiona. Nikakuuliza, "Viwili vya nini?"

Ukanijibu bila kugeuka: "Kimoja kinakaa na mimi, kingine kwa gari ya dereva. Kadi ikijaa nacopy kwa zote mbili ndio nafuta. Moja ikikufa sitaki kurudi hapa nikianza kudanganya watu, mathe."

Nilicheka. Nikasema umekuwa mtaalamu. Halafu nikaenda jikoni nikafungua bomba la maji nikalia, maana hukujua ulikuwa unamsema nani. Au ulijua. Hilo nimelizungusha kichwani tangu asubuhi.

Nilikuambia kwamba kile kisanduku changu kiliharibika nikakitupa. Sikukitupa. Kimo kabatini kwangu, rafu ya chini, kimefungwa kwa leso chini ya shuka za wageni, na kimekaa hapo miezi kumi. Ndani yake kuna harusi ya Asha wa Naivasha. Wewe ulidhani Bi Salma, mama yake Asha, alishapewa picha zake zamani. Bi Salma naye alidhani bado nazisafisha. Na mimi katikati yenu nimekuwa nikitembea ndani ya nyumba yangu mwenyewe kama mtu aliyefungiwa, nashtuka simu ikilia.

Nianzie mbali kidogo, unielewe kabla hujakasirika.

Unajua jina langu lilivyotokea hapa mjini Nakuru. Marehemu baba yako ndiye aliyekuwa na studio, lakini upande wa wanawake hakuweza kuingia. Siku ya kumpamba bibi harusi, wakati mashungi yanavuliwa na kina mama wanacheza watakavyo, aliyehitajika pale na kamera alikuwa mwanamke. Nikawa mimi. Nilishika kamera na sijui kitu, nikajifunza humohumo. Na kwa kuwa nilijua kila mama alikuwa anaogopa nini, niliweka desturi yangu: nikimaliza kazi, picha zote pamoja na mikanda yake ya filamu nazitia kwenye bahasha moja, naiweka mkononi mwa mama wa bibi harusi. Kwangu haibaki hata moja. Kwenye maabara nilikuwa nasimama kando ya mashine na yule msichana aliyeiendesha mpaka picha ya mwisho itoke. Kuanzia Njoro mpaka Naivasha hakuna mwanamume aliyewahi kuona picha ya harusi niliyoipiga mimi. Nilijivunia hilo, Rukia. Nilijivunia kupita kiasi.

Zilipokuja kamera hizi za kadi, wewe ulikuwa chuoni, ukarudi umejaa maarifa. Ulinikuta na kile kisanduku nilichokinunua kwa mgeni mmoja aliyekuja kupiga picha za flamingo ziwani, akawa anapunguza mizigo yake. Nilikipenda sana. Hakikuzidi redio ndogo ya betri, ubavuni kina tundu la kadi, mbele kina kioo cha kutazamia. Unaingiza kadi, unabonyeza, kinazinyonya picha zote, kisha unaifuta kadi na kuanza upya. Huhitaji kubeba kompyuta hadi kwa watu. Ukaniambia, "Mum, tuchome na CD. Ukifuta kadi, hiyo box haiko backup tena, ndio hiyo hiyo picha yenyewe." Nikakufokea. Nikasema picha za wanawake hazizagai, CD zinaokotwa, CD zinaazimwa. Nikasema nilifanya kazi hii kabla wewe hujaota meno. Ukaenda kufagia mbele ya studio, na sikukuita urudi.

Kosa lenyewe lilianzia hapo. Yaliyofuata yalipita njia hiyo hiyo.

Harusi ya Asha ilipangwa kabla mtu hajajua Januari ile ya ghasia za uchaguzi ingekuwa vile. Watu walisema iahirishwe, wengine wakasema Naivasha kumetulia. Nilikwenda Ijumaa. Jumamosi akapambwa, nikapiga kadi nne nzima. Jumapili asubuhi barabara ikafungwa na tukafungiwa ndani.

Habari hizo sijawahi kukueleza vizuri, na wewe hukuniuliza, labda kwa adabu. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja na watoto kwenye vyumba vitatu, mapazia yamefungwa mchana kutwa. Stima hakuna. Wanaume walikaa uani karibu na geti, wakibadilishana zamu. Nje tungesikia watu wanakimbia, halafu kimya, na kimya kilitutisha zaidi. Binti wa watu alikuwa na hina mkononi bado mbichi, masanduku yake yamepangwa ukutani, na hakuna wa kumchukua kumpeleka kwa mumewe kwa sababu mumewe alikuwa Gilgil na Gilgil ilikuwa mbali kuliko Makka. Mtoto akilia anazibwa mdomo. Nilihisi nimefunikwa na sufuria.

Siku ya pili Bi Salma akasema, "Tuonyeshe basi hizo picha, tusife na hofu." Nikawasha kisanduku. Kikapita mkono kwa mkono, wanawake wanaangalia kwenye kioo kile kidogo na kucheka kwa kunong'ona, wanasema fulani amenenepa, fulani anacheza na ana mimba ya miezi saba. Kikafika kwa Bibi Zena, mama yake Bi Salma. Yeye alikuwa kitandani, miguu imevimba, na katika maisha yake yote picha yake ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, ambayo alisema amefanana na mwizi. Hata kwenye harusi nilimpita, kwa sababu kwenye kila harusi yao aliniambia nimpite. Akaangalia picha za mjukuu wake moja baada ya nyingine. Halafu akasema, "Haya, na mimi nipige. Lakini asiione mwanaume."

Nikampiga kwa kadi ya tano. Nilipiga nyingi, na moja ikawa ndiyo. Unajua mwenyewe, unaipiga tu na kidole kinakuambia.

Siku ya tatu asubuhi tukaambiwa kuna pikapu inafuatana na magari ya askari mpaka Nakuru, atakayekwenda aende sasa hivi. Ikanijia hofu nyingine. Njiani kulikuwa na vizuizi vya vijana, na walikuwa wanapekua. Kamera ndiyo kitu cha kwanza mtu anachochukua, na siku hizi anaweza kubonyeza tu nyuma akaona kila kitu. Nikawaona wanawake wote wale, na Bibi Zena kichwa wazi, mikononi mwa vijana wa barabarani. Kwa hiyo nikahamishia kisandukuni kadi zilizobaki, na kila iliyomaliza nikaifuta. Ya tano, ile ya Bibi, ilimaliza wakati honi inapigwa. Nikaifuta nikiwa nimesimama. Kisanduku nikakifunga kwa leso tumboni, chini ya buibui, na kwa haraka ile sikukizima. Nilihisi joto lake kwenye ngozi na nikafikiri ni woga wangu.

Tulipopita Kikopey, pale pa nyama choma, tukasimamishwa. Wale askari walikuwa wametangulia. Kijana mmoja akaniambia, "Mathe, shuka. Fungua bag." Nikaruka kutoka nyuma ya pikapu, tumbo likagonga chuma cha mlango wake, nikasikia maumivu nikanyamaza. Akaichukua kamera, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Camera haina kitu?"

"Haina."

"Sasa unatembea na camera ya nini?"

"Ya kazi, mwanangu. Kazi hakuna."

Akanirudishia. Hivi hivi, Rukia, akaiweka mkononi mwangu na kuniambia nipande. Nilirudi kwenye pikapu nikijiona mjanja wa wajanja. Nilikaa juu ya gunia la mtu mpaka Nakuru nikitabasamu ndani ya shungi, nikihesabu kwamba nimewaokoa wanawake wote wale.

Ulinipokea mlangoni ukinikumbatia na kulia. Baada ya kuoga nikakiwasha kile kisanduku chumbani peke yangu. Kioo kikawaka, kikazima. Ndani kikaanza kugonga, tak, tak, tak, kama kucha kwenye bati. Nikakizima, nikakiwasha. Kikagonga. Nikakirudisha kwenye leso.

Sasa sikiliza sehemu ambayo imenifanya nifunge studio leo. Asubuhi iliyofuata ulikuja na zile kadi tano kiganjani. Watu walikuwa wamepanga foleni nje, waliopoteza vitambulisho, wanataka picha. Ukaniuliza, "Mum, hizi kadi ziko empty?" Na mimi nilijua kisanduku kinagonga. Nilijua tangu usiku. Lakini kukuambia kungekuwa kukubali kwamba ulisema kweli juu ya CD, na nilikuwa nimechoka, na nilikuwa mama yako. Nikasema, "Ni tupu. Tumia."

Ukazitumia wiki nzima. Wewe unajua maana yake. Mimi sikujua mpaka mwezi wa tatu, nilipokipeleka kisanduku kwa fundi wa kompyuta kule nyuma ya soko. Alikiweka sikioni, akatikisa kichwa. "Disk imegongwa ikizunguka, mathe. Kadi ziko wapi? Kama ungeniletea kabla hazijatumika ningezitoa zote. Ukifuta, picha haziendi mara moja." Nikashika ukingo wa meza. Ungeniambia hivyo hivyo wewe, siku ile ile, bure, mlangoni kwangu. Ulifundishwa chuoni. Ungesema, "Mum, ngoja, usizitumie." Picha ya Bibi Zena ilikuwa kiganjani mwako na nikakutuma uifute kwa sura za watu waliokuja kupiga pasipoti.

Nisamehe kwa hilo. Nimeliandika na nimeliacha hapo lilivyo.

Fundi akasema haijafa kabisa. Anaweza kukifungua, abadilishe vipande, ajaribu. "Lakini lazima nifungue picha nione kama zimetoka poa." Akasema bila ubaya wowote, ni kijana wa heshima. Nikamwangalia yule kijana na macho yake mawili, nikafikiria kina mama wale wanavyocheza, nikafikiria kauli ya Bibi. Nikakichukua kisanduku changu, nikasema nitarudi. Sikurudi.

Na kabla ya hapo, mwezi wa pili, Bibi Zena alikuwa amekufa. Miguu ile ilivimba kwa ugonjwa wa moyo. Bi Salma alinipigia siku ya tatu ya matanga, sauti imekauka. "Dada yangu, ile picha ya mama. Hatuna nyingine." Nikasema, "Bado nazisafisha, Bi Salma. Stima inatusumbua." Ulimi wangu huu. Nilikuwa nimeshasema hivyo mara mbili kabla, kuhusu harusi, na mara ya tatu ilitoka yenyewe. Baada ya hapo ningesemaje? Kila wiki iliyopita iliufanya ukweli kuwa mzito zaidi kubeba. Alipiga Aprili. Alipiga Juni. Baada ya Idi alipiga mara moja tu na sikushika, na tangu hapo hakupiga, na kutopiga kwake kulinichoma zaidi.

Ulikuwa unashangaa kwa nini nakutuma wewe Nairobi kununua karatasi na wino wakati zamani nilikuwa sikubali mtu aninunulie. Ulidhani nimekuaminia biashara. Nilikuwa siwezi kupita Naivasha, mwanangu. Hakuna barabara nyingine ya maana, na kila gari husimama pale. Ulikuwa unarudi na nyama ya Kikopey imefungwa kwenye gazeti, umefurahi, na mimi nakula kwa shida. Msikitini nilikuwa naketi karibu na mlango ili niwe wa kwanza kutoka. Harusi mbili nimezikataa, nikasema mgongo. Mgongo wangu hauna neno.

Kwa hiyo leo, baada ya kulia jikoni, nilipiga simu. Nilipiga kabla sijakauka mikono, maana ingekauka ningeghairi.

"Bi Salma, picha sina. Zimekwama ndani ya kisanduku, kimeharibika tangu siku ile niliyotoka kwako. Nimekudanganya."

Halafu akasema polepole, "Mimi nilijua kuna kitu. Mtu hasafishi picha miezi kumi." Kisha akasema, "Ungeniambia siku ile ningelia mara moja tu. Sasa umenifanya nimlilie mama mara mbili." Sikujitetea. Nikamweleza habari za fundi. Akauliza, "Ni mwanaume?" Nikasema ni mwanaume. "Basi mama alishasema. Tutangoja apatikane fundi wa kike, hata kama ni Nairobi. Niletee hicho kisanduku kikae kwangu." Nikasema nitakileta kesho. Nikadhani amemaliza nami.

Akasema, "Wewe uliiona hiyo picha?"

"Niliipiga mimi."

"Basi nieleze."

Nikamweleza nikiwa nimesimama jikoni, simu inaniunguza sikio. Kila nikifika mwisho alisema, "Endelea." Nilitoa vitu ambavyo sikujua kama ninavyo. Tulilia sote wawili, na nilipokata simu nilifungua mapazia ya studio. Yalikuwa yamefungwa tangu lini, hata sikumbuki.

Ya kukuusia ni machache, kwa sababu kazi unaijua kunipita. Nakala mbili, mikoba miwili, watu wawili. Hilo umelijua bila mimi. Ninachoweza kuongeza ni kwamba mwenye sura aulizwe. Mimi niliamua peke yangu kumlinda Bibi Zena dhidi ya vijana, dhidi ya CD, dhidi ya fundi, na mwishowe nikamlinda dhidi ya binti yake mwenyewe. Sikumuuliza hata mara moja kama nakala nyingine ikae kwa Bi Salma. Angekubali. Alikuwa mtu mwepesi wa moyo, ni mimi niliyekuwa mgumu.

Na sasa nakuandikia picha yenyewe. Kumbukumbu yangu nayo ni kisanduku, na sina imani sana na visanduku. Bi Salma anayo moja aliyoisikia. Hii iwe ya pili, ikae na wewe huko kaskazini, mbali na mimi. Usimpe mwanamume aisome.

Bibi Zena ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu yake yote miwili ndani ya beseni la bluu la maji ya chumvi. Ameivua leso ya kichwani, ameitandika mapajani. Nywele zake ni nyeupe kwenye mizizi na nyekundu ya hina kwenye ncha, nyembamba sana, na amezigawa katikati kama msichana. Asha ameketi sakafuni mbele yake, kichwa kimeegemea goti la bibi, na mkono wa Bibi upo juu ya kichwa hicho, vidole vimefunguka. Mwanga unatoka upande wa kushoto, palipo na ufa wa pazia, umempitia Bibi shavuni na kuishia kwenye hina ya mkono wa Asha. Nyuma yao masanduku ya harusi yamepangwa, hayajaenda popote. Nje wakati ule kulikuwa na kelele, lakini picha haina kelele. Bibi anacheka. Jino la mbele la chini halipo. Hanitazami mimi, anatazama pembeni, kwa sababu mtoto mmoja alikuwa amemuuliza tu hivi sasa, "Bibi, kumbe una nywele?"

Ndiyo hiyo.

Kesho ukishapanda gari lako la kaskazini, mimi nitapanda la Naivasha na kile kisanduku mapajani. Ukipoteza kitu huko, au ukiharibu, au ukifuta usichopaswa kufuta, nipigie siku hiyo hiyo, kabla hujapata uongo wa kukilinda. Usiogope kwamba zamani uliniambia na nikakufokea. Simu yangu naishika sasa.

Mama yako